Chupa ya Mama

Tanga, Jumanne.

Kwa dada yangu Eustakia,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na magoti yamekupa nafuu tangu mvua zikatike. Evarista anaendeleaje? Mjukuu wako huyo nilimwacha anahesabu wiki, na kila simu ikiita nadhani ameshajifungua. Mimi sijambo kabisa, ila nimenenepa. Watu wa huku wanatia nazi kwenye kila kitu, hata maharage, na mimi kwa kuogopa kumvunja mtu moyo namaliza sahani.

Utauliza kwa nini naandika wakati simu ninayo mfukoni. Kuna jambo nataka ulisikie mpaka mwisho, na kwenye simu wewe husikilizi mpaka mwisho. Nitampa kondakta wa basi, utaichukua stendi ya Biharamulo. Isome mwenyewe. Jovitus asikusomee, maana mwanao namjua, kabla ya jioni Nyamahanga nzima itakuwa imeshasikia.

Nianze na safari. Nduwayo alitupokea vizuri mno, mimi na mizigo yangu. Unamkumbuka, yule mtoto wa Warundi waliohamia upande wa kisima, aliyekuwa anakaa dawati la mbele. Sasa ni fundi wa mitambo hapa bandarini, ana mke na nyumba ya bati jekundu. Anasema kilichomleta pwani ni masomo yangu ya jiografia, jinsi nilivyokuwa nawasimulia siku niliyosimama Bagamoyo nikaiona bahari kwa macho yangu. Basi akaona zawadi ya kumpa mwalimu wake mstaafu ni kumrudisha palepale.

Tulianzia huko Bagamoyo. Nimeingia kwenye kanisa la zamani la wamisionari nikakuombea. Nimeshika milango ya mbao iliyochongwa maua na minyororo, mizito kiasi kwamba ng'ombe angegonga kichwa akarudi nyuma. Tukaenda Kaole kwenye magofu, msikiti na makaburi ya mawe yaliyokaa karne na karne, na kisima kando ya bahari ambacho maji yake hayana chumvi hata kidogo. Niliyanywa mara tatu kuhakikisha.

Ufukweni ndipo nilipoaibika. Tulikuta maji yako mbali, mchanga mtupu umeachwa wazi mahali pa kutosha mashamba ya watu kumi. Nikavua viatu vyangu vya kanisani, nikavipanga vizuri mchangani kama tunavyofanya ziwani, nikaenda kutembea. Tulikaa huko tukiangalia watu wanaokota chaza. Kurudi, hakuna mchanga, hakuna viatu. Kimoja tulikiona kinaelea, cha pili kimekwenda. Dada, mimi niliyefundisha kupwa na kujaa kwa maji kwa miaka thelathini na tano, nikachora mwezi na dunia ubaoni, nimechukuliwa kiatu na maji yaliyojaa. Vijana wa pale walicheka mpaka wakakaa chini. Nduwayo hakucheka. Alinitazama kidogo, kisha akaenda kuninunulia kandambili, na tangu siku hiyo hajaniuliza tena nilisimama wapi zamani zile.

Kutoka hapo tulikwenda Pangani. Ni mji mdogo uliolala, nyumba za kale zimetoka plasta lakini bado zina heshima yake, na mto unaingia baharini mbele ya macho yako, maji ya udongo yanapakana na ya bluu. Tulivuka kwa pantoni tukala samaki ng'ambo. Ungepapenda. Kuna vibaraza vya kukaa kila nyumba, na watu wanasalimiana mpaka unasahau ulikuwa unakwenda wapi.

Sasa nifike penyewe. Uliponiaga ulinikabidhi chupa tupu, ukasema ile ya mama imebaki vitone, na mtoto wa Evarista lazima apakwe maji ya bahari kwenye paji la uso kama watoto wote wa ukoo wetu. Chupa hiyo imenisumbua njia nzima kuliko begi.

Dada, maji yale siyo ya bahari. Mwaka ule wa themanini na sita, wenzangu wa semina walipotoka Morogoro kwenda Bagamoyo, mimi nilikuwa nimelala bwenini na malaria. Sikuiona bahari. Nikakumbuka miguu ya mama ilivyovimba, na jinsi alivyoiosha ile chupa ya dawa ya kikohozi kwa mchanga mpaka ikang'aa, akanipa akisema watu wanasema maji hayo yanaponya. Nilishindwa kurudi nayo tupu. Pale stesheni ya Tabora niliijaza maji ya bomba, nikanunua chumvi ya Uvinza, nikakoroga. Hadithi zote nilizowaambia watoto nilizitoa kitabuni.

Leo asubuhi nilishuka ufukweni peke yangu kuijaza chupa yako. Nikaonja. Ni makali, yana uchungu unaobaki kooni, hayafanani kabisa na chumvi yetu. Ndipo nikakumbuka siku niliyofika nyumbani, majirani wamejaa sebuleni. Mama alichovya kidole, akalamba, akaniangalia. Kisha akacheka, akawaambia watu kwamba bahari ya mwanawe ina ladha ya nyumbani. Mimi nikadhani nimesifiwa. Mama yule, aliyekuwa hanunui gunia la chumvi ya Uvinza bila kuionja kwanza, miaka yote aliyouza pale mnadani Bisibo. Alijua palepale. Akayapaka miguuni mbele ya watu wote, akanishukuru, na mpaka anakufa hakunitajia. Nililia, dada, mzee mzima na kandambili zangu.

Na wewe ulikuwa unakaa naye mnadani, unapima kwa kopo. Sijui kama uliwahi kuyaonja maji yale. Kama uliwahi, basi mlinibeba wawili. Kama hukuwahi, nakuomba radhi, na ukinikasirikia nitakaa kwa Jovitus mpaka hasira ziishe.

Maji ya kweli ninayo, nimeyafunga kwa nailoni mara mbili. Nitafika Jumapili, Mungu akipenda. Lakini mtoto akiwahi kuzaliwa kabla yangu, usinisubiri. Mpake vile vitone vya mama.

Nisalimie Jovitus na wote wa hapo nyumbani, mwambie Evarista namwombea ajifungue salama. Nduwayo na mkewe wanakuamkia.

Mimi mdogo wako asiye na viatu,
Juvenali.