Wosia wa Mama Mbuke kwenye kompyuta

Paskalina, naandika nikiwa kando ya Mwalimu Severina, hapa msibani Usangu. Hawezi hata kuinua uso.

Unalikumbuka daftari la mwaka 1976? Mama Mbuke aliwaandikia wanawe wosia kwa Kisukuma, usomwe siku ya kuanua matanga yake. Severina alilinakili lote kwenye hifadhidata kule Iringa, pamoja na zile alama juu ya herufi. Alipokuwa akichapa, kwenye skrini zilionekana sawasawa. Akamrudishia daftari mzee Limbu, mtoto wa marehemu, na kumwambia, "Kila herufi imehifadhiwa."

Leo amefungua. Safu ya maandishi ya hifadhidata haikuwekwa kupokea herufi zenye alama, hivyo ilipohifadhi, kila moja imegeuka alama ya kuuliza. Kila moja, Paskalina. Naye Kisukuma hakijui.

Limbu akachungulia. "Mwalimu, mbona mama anauliza tu? Enzi zake alikuwa anajibu."

Severina akaliomba daftari, alinganishe.

"Tumemzika nalo juzi," akasema Limbu. "Si ulisema kila herufi imehifadhiwa?"

Ni kweli alisema.

Sasa Limbu amewanyamazisha watu, akamsogezea kiti mbele ya wote.

"Karibu, Mwalimu. Tusomee."