Kiti cha Babu

Mdogo wangu Chacha,

Sijamwambia mtu mwingine: kiti cha marehemu babu nilikisimamisha mimi, si wewe. Huku Susuni bibi hajambo na mahindi yamebeba. Natumaini baba mdogo hapo Ikoma anakulisha vizuri.

Umeniuliza "kukosea" kwa Kiingereza husemwaje. Mwalimu alisema "mix up" ni kuchanganya vitu, kama ulipomleta ndama wa jirani zizini kwetu ukidhani ni wetu. "Mess up" ni kuharibu jambo zima, na hilo ni langu. Unajua tangu mazishi kiti kile tunakilaza ubavu, asikikalie mtu. Nilipofagia uani nilikisimamisha, nikasahau kukilaza tena. Asubuhi ng'ombe wote walikataa kutoka zizini, wakakitazama kimya kama wanaosubiri kuamriwa. Bibi akafoka, "Chacha, umemwita babu yako! Haya, mwambie arudi alikotoka!" Ukalia, ukapelekwa Ikoma, nami nikanyamaza.

Jana nilikilaza kwa mikono yangu. Leo asubuhi nimekikuta kimesimama, na ng'ombe wanakitazama tena.

Jumapili nitamwambia bibi ukweli, ili urudi nyumbani. Mpaka siku hiyo usimwambie mtu, hata baba mdogo.

Dada yako,
Bhoke