Gramu Mbili, Si Ishirini

Jumatatu, 3 Machi

Orodha ya mkondo wa sayansi imebandikwa. Nafasi thelathini. Mpwa wangu kapita, wa thelathini — dada kanipigia simu, kacheka mpaka akakohoa. Binti wa fundi cherehani kakosa kwa alama nne. Alisoma orodha, akairudia, akaenda zake.

Jumatano, 5 Machi

Aibu. Nilimwagiza mtunza maabara aandae maji ya kostiki soda: mililita 250, moli 0.2 kwa lita. Nikamwandikia apime gramu ishirini. Akaishika karatasi mbali na macho, kama kawaida yake.

"Mwalimu, hii itababua vidole vya watoto wa watu. Mimi huwa napima mbili."

Nikabisha. Tukakaa, tukahesabu. Mililita kuwa lita unagawanya kwa elfu. Mimi niligawanya kwa mia. Ni robo lita, si mbili na nusu. Moli 0.05, mara arobaini, uzito wa moli moja ya kostiki — gramu mbili.

Na hesabu hiyohiyo ndiyo niliyotunga kwenye mtihani wa kuingia mkondo wa sayansi. Mfano wake niliuandika ubaoni kwa mkono wangu, darasa zima likanakili.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepitia karatasi zote. Ishirini, ishirini, ishirini. Mmoja tu kaandika mbili — binti wa fundi. Nilimwekea alama nyekundu ya kosa, sifuri kati ya sita. Pembeni alikuwa ameandika kwa penseli, herufi ndogo: ni robo lita tu.

Akirudishiwa sita zake anaingia. Anayetoka ni mpwa wangu.

Mkuu wa shule kanisikiliza mpaka mwisho. Kasema maji yakimwagika hayazoleki. Nilipofika mlangoni akaongeza, "Lakini aliyesahihisha ni wewe."

Dada kapiga tena. Kamnunulia mwanawe koti la maabara. Sikumwambia kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Kipindi cha tatu. Naandika haya mezani, darasani. Nimewarudishia karatasi zenye alama mpya, nimeandika hesabu upya ubaoni, nimewaambia kosa ni langu. Minong'ono. Binti wa fundi kainamia karatasi yake, hainui kichwa.

Mpwa wangu kanyoosha mkono. Shuleni huniita Mwalimu, tulikubaliana tangu mwaka jana.

"Mama mdogo," kasema, "kwa hiyo orodha inabadilika?"

Wenzake wamecheka. Yeye hacheki. Bado kasimama, ananitazama —