Siku Saba kwa Jina Lako

Mabira, Karagwe
14 Agosti 1988

Dada yangu mpendwa Therese,

Shikamoo. Kabla ya yote nataka kujua hali yako, ya shemeji Rwegasira na ya watoto, hasa huyo mdogo, kama macho yake yametulia baada ya ile surua iliyotutia hofu mwezi wa tano. Sisi huku tunapumua. Telesfori anakusalimu sana. Kahawa tumeanza kuanika, ndizi si haba, na yule mbuzi wako kilema, ambaye kila mtu alisema achinjwe Pasaka, amezaa mapacha, nadhani kwa ubishi tu.

Barua yako niliipata Alhamisi. Niliisoma nimesimama, kisha nikakaa chini nikaisoma tena. Unasema uliomba kibali kipya cha kuvuka mpaka ili ukalione kaburi la mama, na ofisini wilayani karani akafungua daftari akakuuliza unataka kwenda mara ngapi, maana Juni ulikwenda, tena ukachelewa kurudi kwa siku mbili. Unasema uliapa kwamba hujawahi kuvuka mto ule tangu utotoni, naye akakutazama kama anavyotazamwa mwizi wa kuku. Sasa umeitwa tarehe 29 ukajieleze, na unaogopa hata kazi ya ualimu inaweza kupotea. Mwishoni umeniuliza kwa upole, upole ambao umenichoma kuliko ungenitukana, kama nina hakika kile kibali cha kwanza kililiwa na panya.

Panya hawakukila, dada. Nilikitumia mimi.

Nimeandika sentensi hiyo, imekwisha. Sasa nivumilie nikueleze yote kwa mpangilio, kwa sababu utakapokaa mbele ya wale watu inafaa ujue kila kitu kilichofanywa kwa jina lako.

Unakumbuka tulivyohangaika kukipata. Barua ya balozi wa nyumba kumi, barua ya katibu kata, picha mbili, kadi ya njano ya chanjo. Zako zilipita kwa sababu uliolewa na mtu mwenye kwao na uraia wako ulikamilika. Fomu yangu ilirudishwa mara mbili pale penye mahali pa kuzaliwa. Mara ya kwanza niliandika ukweli, kwamba nilizaliwa njiani, mwaka ule wazazi wetu walipokuwa wakikimbia kutoka Rwanda. Wakasema njiani si mahali. Mara ya pili nikaacha wazi. Wakasema hakuna mtu asiyezaliwa mahali. Nikacheka pale dirishani, ukanifinya ninyamaze, na tulipofika barabarani nililia. Kibali chako kilikuwa cha siku saba tangu siku ya kugongwa muhuri mpakani, kuingia mara moja na kutoka mara moja. Ulikiacha kwangu katika sanduku la bati mtoto alipougua, ukasema likizo ya Juni ikianza utakuja tu na kuvuka.

Jumapili ya tarehe tano Juni, tulipotoka misani, Auleria anayeuza maharage ng'ambo alinishika mkono akanivuta pembeni. Kaka Athanasi, aliyemchukua mama akakae naye huko ng'ambo, alikuwa amemtuma aseme kwamba mama amekataa kula, na kwamba kila akiamka anauliza kama Therese amefika. Si Vestina. Therese. Miaka tisa mama hakutaka jina lako litamkwe nyumbani kwake kwa sababu ya ndoa yako, akasema mbele ya watu kwamba amebaki na binti mmoja. Na huyo binti mmoja aliyebaki, aliyekuwa akimtumia sabuni na sukari kila alipopata mtu wa kumpa, hakuulizwa. Nakwambia hivyo kwa sababu nataka uujue moyo wangu ulivyokuwa siku ile. Ulikuwa na wivu.

Telesfori alisema niende Kayanga kesho yake nikupigie simu ya maandishi. Alihesabu kwa vidole: simu Jumatatu, wewe uipate Jumanne, Alhamisi uwe hapa, Ijumaa uwe kwa mama. Nikamwambia mama hatafika Ijumaa. Nilisema kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye anayemuua. Jumanne alfajiri nilivaa gauni lako la kitenge ulilolisahau, nikafunga kitambaa kama ulivyofunga kwenye picha, nusu ya nywele nje, nikashika njia ya Murongo. Mume wangu hakunisindikiza. Alisema hatasindikiza uongo, lakini alinipa viatu vyake vya mvua.

Mpakani nilipita haraka mno. Afisa alitazama picha, akanitazama mimi, akaniuliza ninakwenda kwa nani na kwa siku ngapi, akanipa daftari nisaini. Niliiandika sahihi yako, na ule mkia mrefu wa T ambao baba alikuwa akiutania. Ng'ambo ya pili, nchi ambayo nayo si Rwanda yetu, walisoma kadi ya chanjo, wakaniambia nikifika kijijini nisilale kabla mwenyekiti hajaandika jina langu kwenye kitabu chake, kwa maana tangu vita kila mgeni lazima aandikwe, na mwenyeji wake huulizwa. Nikasema sawa. Nilitembea kwa muda wa saa tatu nikifurahia ujanja wangu. Nakiri hilo pia.

Athanasi alinipokea uani. Hakuuliza nimepitaje, alinitazama gauni tu. Wakanipa obushera, na kama ujuavyo mgeni hakatai uji ule wala hauachi nusu, basi nikaketi nikanywa huku masikio yangu yako chumbani kwa mama. Kabla sijamaliza, mwenyekiti alifika na kitabu chake kwapani. Ni mzee mmoja aitwaye Mbonimpa, mpole, mwenye kujali taratibu. Alisema hawezi kuandika mgeni wa mgonjwa bila kumjulia hali mgonjwa mwenyewe, hivyo tukaingia wote chumbani. Nilikuwa sijapata hata nafasi ya kumshika mama mkono.

Alikuwa mdogo kitandani, dada. Macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na ule weupe. Mzee Mbonimpa akaketi kwenye kigoda, akafungua kibali, akasoma kwa sauti huku akiandika, polepole, kila neno: Therese, binti Kampire, mwalimu, kutoka Tanzania, siku saba.

Mama aliinua kichwa. Mtu aliyekuwa hajakaa wima kwa siku nne aliegemea kiwiko chake, akanyoosha mkono hewani, akalia akisema mwana wanjye, mwana wanjye, umekuja. Nilimtazama Athanasi. Athanasi alitazama sakafu. Mwenyekiti alikuwa na kalamu mkononi. Kama ningesema mimi siye, ningekuwa nimejishtaki mwenyewe mbele ya kitabu, na kaka angeulizwa kwa nini amemficha mtu asiye na kibali. Nikaushika ule mkono. Nikasema nimekuja, mama.

Hapo bado ningeweza kusamehewa. Mzee Mbonimpa alipoondoka ningeweza kumnong'oneza mama ukweli. Lakini alikuwa amekunywa maziwa kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa iliyopita, na Athanasi akaniambia nje, bila kunitazama, kwamba nikimwambia sasa nitamuua. Nikajiambia kesho. Kesho ikaja na kesho yake. Alhamisi ikapita, siku ambayo ungekuwa umefika hapa Mabira. Ijumaa ikapita, siku ambayo ungekuwa umekaa pale nilipokaa mimi. Mama alifariki Jumamosi mchana, tarehe kumi na moja. Telesfori alikuwa amehesabu vizuri. Ungemkuta, dada. Ungemkuta na ungekuwa naye siku nzima.

Tulimzika Jumapili. Kibali kilikuwa kinakwisha Jumatatu, na nilitaka kuondoka mara tu udongo ulipofunika. Akina mama wa pale walinizuia mlangoni. Walisema kwa mwanamke siku za kilio ni tatu, hakuna kushika jembe wala kuvuka mto, na ya nne wafiwa wananyolewa. Anayeondoka kabla ya wembe anaondoka na msiba mgongoni na kuwapelekea watoto wake. Nikawaambia habari za muhuri. Mmoja akanijibu kwamba muhuri haujawahi kumzika mtu. Ningefanya nini? Binti mkubwa wa marehemu, maana ndiye niliyekuwa, ndiye hunyolewa kwanza. Jumatano asubuhi wembe ukapita kichwani mwangu kwa jina lako, na kila nywele ikaanguka.

Njiani kurudi ndipo nilipopata akili. Picha ilikuwa na nywele, nami nilikuwa na kichwa kama yai. Kibali kilikuwa kimepita siku mbili. Na mimi, tofauti na wewe, sina karatasi hata moja inayosema nina kwetu. Wakinishika pale, upande gani ungenipokea?

Afisa wa upande wetu hakuwa yule wa kwanza. Alikuwa mtu mzima, Mnyambo wa hapa hapa Karagwe. Aliishika picha karibu na sikio langu akalinganisha kwa muda mrefu. Akaniuliza jina la mume wangu, nikasema Rwegasira. Akaniuliza watoto wangapi na wa mwisho amezaliwa lini, nikajibu, maana nilimpokea mimi kwa mikono yangu. Akaniuliza kwa nini nimechelewa. Nilitaka kusema ule uongo niliouandaa, wa homa, lakini badala yake nikavua kitambaa. Aliona kichwa, aliona pale wembe uliponikata kidogo juu ya sikio. Akasimama, dada. Akavua kofia yake akanipa pole ya mama, akaandika kwenye daftari kwamba umechelewa siku mbili kwa ajili ya msiba, akasema kichwa cha mfiwa hakiulizwi mara mbili. Hicho ndicho karani alichokisoma. Yule mzee alinitendea wema, na wema wake umekugeukia wewe.

Nilipofika nyumbani nilikuandikia kwamba mama alifariki ghafla na hakuna hata mmoja wetu wa huku aliyewahi kumwona, na panya wameharibu kibali. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, nami nilidhani walisema kwa ajili ya watu wengine.

Sasa nifike kwenye lile linaloninyima usingizi, kwa sababu kibali ni karatasi, na hili si karatasi.

Ijumaa jioni mama aliomba Athanasi atoke. Aliniita kwa jina lako akasema alikosea. Akasema hakumchukia Rwegasira. Aliogopa kwamba ukiolewa na wenyeji utasahau tulikotoka, na yeye atabaki peke yake kukumbuka. Akasema siku ya harusi yako alivaa nguo, akafika hadi njia panda ya Kituntu, akasikia ngoma, akarudi. Alitaka ujue kwamba alifika njia panda. Kisha akaniomba msamaha. Mama yetu Kampire, ambaye hatukuwahi kumsikia akimwomba mtu hata chumvi, alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili akangoja jibu.

Nikasema nimekusamehe, mama.

Sikukuuliza. Maumivu ya miaka tisa yalikuwa yako, nami nikayatoa kama mtu anayegawa shamba lisilo lake. Akashusha pumzi, akanipa kile kibuyu chake cha kusukia maziwa, kinachorithiwa na binti mkubwa, alichokuja nacho kichwani kutoka Rwanda. Halafu akauliza habari za Vestina. Akauliza kwa nini Vestina hakuja, kama amemkosea naye. Akasema nimwambie kwamba alimngoja. Nilifungua mdomo, Therese. Nakuapia nilifungua mdomo. Lakini ningesema mimi ndiye, ule msamaha ungekuwa wa nani? Nikanyamaza, naye akalala, na hakuamka tena kuongea.

Mama alikufa akijua kwamba binti yake mkubwa alikuja, na mdogo hakuja.

Tarehe 29 usiende peke yako na usiseme lolote la kunikinga. Ijumaa tarehe 26 nitakuwa nimetangulia pale ofisini, na kitambaa nimevua, nywele bado fupi, wanilinganishe wenyewe na picha. Telesfori safari hii amesema atanisindikiza. Wakiniuliza tena mahali pa kuzaliwa nitaandika njiani, na wafanye wanavyotaka. Barua hii nampa Evangelina anayekuja huko kesho, aitie mkononi mwako na si kwa mtu mwingine.

Kibuyu kiko hapa, nimekifunga kwa majani makavu ya mgomba, sijawahi kukitia maziwa. Njoo ukichukue. Na ule msamaha, kama hukuwa tayari kuutoa, nitakwenda nawe siku utakapopata kibali, usimame kaburini useme ya kwako kwa mdomo wako. Mimi nitasimama nyuma yako. Ukimaliza, nakuomba kitu kimoja tu: mwambie mama kwamba Vestina pia alikuja.

Nisalimie shemeji kwa heshima, na watoto wote uwabusu. Mwambie mdogo kwamba mbuzi wake mmoja yuko tayari. Mungu awatunze, na wewe unijibu hata kama ni kwa neno moja la hasira.

Ni mimi mdogo wako,
kwa jina langu mwenyewe,

Vestina