Haiko Helikopta, Iko Otojire

Jumatatu, 8/7
Kwanga yangu, ule mukate ya muhogo ya kufunga kwa majani, imeisha sokoni asubuhi tu. Ya Mama Bijou, mwenzangu wa soko, ilibaki nusu ya kitunga. Sisemi kitu. Naandika tu.

Kurudi nyumbani, nimekuta meza yangu ya kufungia kwanga imekamatwa tena. Frigolite, ile povu nyeupe kavu ya kupakia televizyo, gundi, nyuzi, wembe. Neema. Binti yangu ana miaka makumi mbili na moja, anasoma elektronike, na meza yake mwenyewe anayo! Bon. Nikafungia kwanga chini. Mama gani mwingine hapa Mangobo anafungia kwanga chini sababu ya ndege ya binti yake?

Na ile ndege iko karibu kwisha. Mwili ya frigolite. Magurudumu ya kidoli. Mbele iko helisi ndogo ya kusukuma na moteur kidogo, alitoa kwa drone ya mupiga-picha iliyokufa. Juu panga mbili ndefu za kuzunguka, sawa za feni. Baba yake aliona seremala wote wanatupa kombo-kombo, ule muti mwepesi sawa hewa, yeye akampasulia panga. Kuongoza, ataongoza kwa telekomande, akisimama chini. Mutoto wangu aliwaza hii yote kwa kichwa yake. Wangu, si wa mutu mwingine.

Jumatano, 10/7
Anapima panga. Anaweka zote mbili juu ya ncha ya kisu, anaangalia upande gani inashuka, anakwangua kidogo na wembe, anapima tena. Asubuhi yote. Chai ilipoa. Nilipitisha kidole kwa panga moja: laini sawa shavu ya mutoto muchanga. Akaniomba nisiguse, mikono yangu iko na mafuta. Kweli, iko na mafuta.

Sokoni nilielezea wamama. Mama Bijou akashika kiuno: "Eh, Mama Neema! Helikopta ya frigolite? Itabeba kwanga yako mpaka Kinshasa?" Wote wakacheka. Roho ikaniwaka. Nikasema itaruka siku ya ndoa ya Mariamu, tarehe 20, kwa lupango ya Tonton Shabani, ndani ya uwanja ya nyumba, katikati ya viti. Itapanda palepale, mbele ya macho yao. Na yeye Mama Bijou akuje na kiti yake mwenyewe, aone vizuri.

Nilisema hivyo. Nilisikia vizuri kabisa moyoni.

Ijumaa, 12/7
Nasikia vibaya.

Tonton Shabani, kaka mukubwa wa mume wangu, alipita hapa kisha ya swala. Mariamu iko binti wake. Habari ilishamufikia. Kisangani haina haja ya redio. Na yeye alishaambia wakwe. Akamushika Neema mabega, akamushukuru: ndoa yetu itakuwa na helikopta! Neema hakujua kitu. Akaniangalia.

Tonton alipoenda, Neema akanielezea polepole, sawa mutu anaelezea mutoto mudogo wa gardienne. Haiko helikopta. Helikopta, moteur inazungusha panga za juu, inapanda palepale. Hii jina yake otojire. Moteur inasukuma mbele tu. Panga za juu hazina moteur hata kidogo. Upepo ya mwendo ndiyo inazizungusha, na zikizunguka sana, zinabeba. Bila mwendo hakuna upepo. Bila upepo iko frigolite tu. Inataka nafasi ya kukimbia, na kwa lupango ya Tonton iko miti tatu ya avoka na waya za courant ya umeme.

Na kingine: haijaruka bado. Kila mara inapinduka.

Akasema: "Mama, umeniuza." Kisha akasema ikianguka mbele ya wale watu wote, ataichoma na makala ya jiko, hatagusa kitu kama hii tena. Akaapa.

Hapo nikaogopa. Neema akiapa, anafanya. Amenirithi mimi.

Jumamosi, 13/7
Haongei na mimi. Anasalimia tu, na heshima yote, sawa mugeni. Heri angelia.

Nilipika pondu, majani ya muhogo, na samaki ya moshi. Alikula. Aliongeza.

Jumapili, 14/7
Alienda kujaribisha kwa terrain ya mupira kule Simi-Simi. Nilienda pia, bila kualikwa. Baba yake alitangulia kwa chef de quartier, mukubwa wa mtaa, sababu siku hizi watu wanaogopa kila kitu inayopanda juu. Chef akasema sawa, ila anataka kuona pia.

Aliona nini? Hewa ilisimama sawa maji ndani ya beseni. Otojire ikakimbia kwa majani, panga zikageuka na uvivu, ikalala ubavu. Tena. Tena. Pua ikavunjika. Neema akakaa chini. Nikaokota vipande vya pua.

Lakini naandika sasa kile ilitokea njiani.

Tulirudi na moto mbili, zile pikipiki za kukodi. Yeye nyuma na telekomande, mimi mbele na otojire kwa magoti, Freddy wa avenue yetu ananiendesha. Njia ikawa wazi, Freddy akatia mwendo. Panga ikaanza kugeuka. Yenyewe! Moteur imezimwa, batri iko kwa mufuko ya Neema. Ikageuka, ikageuka, mpaka sikuona panga tena, niliona mviringo tu. Na uzito ikapotea kwa magoti yangu. Ikataka kuniacha! Nikapiga kelele, Freddy akafunga frein, moto ikasimama, akafikiri tumegonga mutu, akauliza:

"Mama, iko nini?"

"Endesha! Endesha tena!"

Nyuma Neema aliona. Akaanza kuita: "Mama, inua! Inua juu!" Kando ya salamu, maneno yake ya kwanza tangu juzi. Niliinua. Barabara yote ilinishangaa. Sikuona haya hata kidogo.

Jumanne, 16/7
Donc, basi iko hivi. Kama hakuna upepo, tutaiazima kwa moto. Mutu anakaa nyuma ya Freddy, anainua otojire juu ya kichwa, Freddy anakimbia kwa terrain, panga zinashika mwendo, Neema anapiga kelele, yule mutu anaachilia. Neema hawezi kushika, telekomande inataka mikono yake yote mbili. Baba yake anaogopa moto tangu zamani. Amebaki nani?

Tulijaribisha leo. Neema akaita: "Acha!" Sikuacha. Mara ya pili, sikuacha. Vidole vilikataa. Mimi ninayebeba kitunga ya kwanga kwa kichwa kutoka nyumbani mpaka sokoni, nilishindwa na kitu nyepesi vile. Mara ya tatu niliitupa, ikaenda upande, panga ikapasuka.

Neema hakukasirika. Akashika mukono yangu, akaufungua kidole kwa kidole. "Usiitupe, mama. Usiivute. Fungua mukono tu."

Usiku huu nikifunga kwanga, najizoeza. Nafungua mukono. Mume wangu ananiangalia, anatikisa kichwa.

Alhamisi, 18/7
Nilienda mwenyewe kwa Tonton Shabani kurudisha neno yangu: kwa lupango, hapana. Uso yake ikafunga. Atasema nini kwa wakwe? Nikamuambia: Tonton, kisha ya ndoa cortège, ule msafara ya magari, itaenda kupiga picha, si ndiyo? Picha ya kando ya mto kila bibi-arusi wa Kisangani anayo. Picha na otojire juu ya kichwa, nani anayo? Akapapasa ndevu. Akapapasa tena. Napenda mutu anayependa sifa. Tunaelewana haraka.

Cortège itapita Simi-Simi.

Neema amemaliza panga mpya. Makala ya kuchomea ameweka tayari karibu na mulango. Ameiweka mahali naiona.

Jumamosi, 20/7
Siku ya ndoa.

Magari yalifika na utepe na honi. Mariamu na nguo nyeupe, ameinua ili isiguse majani. Soko muzima ilikuwa pale. Na Mama Bijou na kiti yake! Kweli aliileta, kwa toleka, baiskeli ya kukodi, imefungwa nyuma.

Upepo hakuna. Jani moja halikutikisika.

Nikapandisha liputa yangu, kitenge mpya ya ndoa, mpaka magoti, nikakaa nyuma ya Freddy. Mama Bijou akaita: "Anakimbia aibu huyo! Mushikeni!" Kicheko. Tonton hakucheka. Neema alisimama katikati ya terrain na telekomande, midomo imekauka. Hakuangalia watu. Aliangalia mimi.

Freddy akaenda. Nikainua. Kwanza niliona panga mbili. Kisha moja. Kisha moshi tu, na sauti sawa bawa ya njiwa. Viwiko vyangu vikapanda vyenyewe.

"Acha, mama!"

Nikafungua mukono.

Haikuenda mara moja. Ilibaki hapo kando ya kichwa yangu, inakwenda na sisi, sawa mutu anasindikiza mugeni. Kisha ikapanda. Ikapanda! Freddy akaangalia juu pia, na mutu wa kuangalia mbele hakubaki. Tukaanguka ndani ya majani, moto huku, yeye kule, mimi kati. Mzunguko wa kwanza sikuona. Nilisikia tu vigelegele. Nikainuka na liputa imepasuka, nikaona kitu ya mutoto wangu inapita juu ya magari, juu ya Mariamu, juu ya chef de quartier aliyeshika kofia.

Halafu moteur ikanyamaza. Batri imekwisha. Watu wote: "Eeeh!"

Nilifunga macho. Nilifikiria makala.

Nilingojea kishindo. Hakuna. Nikafungua macho. Ilikuwa inashuka, na panga zinageuka bado. Mwendo ya kushuka yenyewe ilikuwa upepo. Ikashuka polepole, sawa mama anamulaza mutoto aliyesinzia. Ikagusa majani mbele ya Mariamu, ikainama, panga moja ikalia tak. Ikanyamaza.

Neema akaweka telekomande chini, akafunika uso na mikono. Nilimukimbilia nikichechemea. Nikamushika kwa nguvu zote. Huyu sikuambiwa kumuacha.

Nikasikia Tonton anaambia wakwe: "Hiyo iko damu yetu." Yetu! Bon, na wagawane.

Mama Bijou akaja anavuta kiti yake. Nilijitayarisha kumujibu. Akaiweka nyuma yangu. "Keti, Mama Neema. Goti yako inatoka damu."

Nikaketi.

Jumatatu, 22/7
Goti imevimba kidogo. Nilienda sokoni polepole.

Leo sikusema kitu. Mama Bijou ndiye alisema, na mikono juu, kwa kila munuzi, mpaka kwanga yake ikaisha kabla ya yangu. Anaita helikopta. Nilivumilia. Kisha nikamuambia: otojire. Neno moja tu.

Ile makala ya mulangoni nilipikia maharagi.

Jioni Neema alikuwa kwa meza, anakwangua panga mpya. Nilitandika majani ya kwanga chini sawa kawaida. Hakuinua macho. Akasogeza gundi, akasogeza wembe, akaniachia nusu ya meza.

Tukafanya kazi.