Sahani Waliyotaka Tuivunje

Bakari ndugu yangu,

Tulikuzika pengine. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi, na kama huko mliko kuna kupashana habari, sitaki ulisikie kwa mwingine. Mara ngapi uliniambia ukifa ulazwe ubavuni mwa babako, kwenye makaburi yenu kule Msambweni? Tulikubeba hadi geti la mwekezaji. Jeneza liko mabegani, watu wanaleta tahlili, na askari wa geti, kijana wa watu, ametoa macho anasema hana ruhusa, amri imetoka juu. Juu wapi? Juu yuko Mungu peke yake, na Yeye alikuwa ameshakuchukua. Tukasimama pale juani, simu zinapigwa, hakuna anayepokea. Mwisho mjombako akasema maiti haingojeshwi. Tukageuza, tukakulaza makaburi ya msikitini, karibu na barabara. Mimi Mduruma wa Samburu ya huku Kwale, mtu wa kanisani, nilichota mchanga wangu kama wenzangu, na kwa hasira nilizokuwa nazo nikajikuta nimefika kwangu Ukunda ungali mkononi.

Watu wakasema umetiliwa sumu. Wengine umerogwa. Nimewakanya mpaka nimechoka. Nilikuwa nimekushika mwenyewe, najua ilikuwa pumu, ile ile iliyokuwa ikikusumbua kila mvua zikianza. Waache uongo wao. Ukweli tulio nao unatosha kuwaumbua wale watu, hauhitaji kutiwa chumvi.

Sasa sikiliza nani alikuja kwenye hitma yako. Mheshimiwa! Yule yule uliyemtaja kwenye wimbo wa tatu wa zile hip-hop ulizorekodi kwangu, aliyetia sahihi kushuhudia kwamba shamba lenu lilikuwa tupu, hapakuwa na nyumba wala kaburi, mwekezaji akapewa hati, akazungusha seng'enge. Akashuka garini na kanzu yake ya pasi, akateremsha mchele, sukari na turubai, akaketi karibu na mjombako. Akalia. Niliyaona machozi kwa macho yangu, nikasema Mola, kumbe kuna watu wana bomba. Kisha akamwambia mamako, kwa sauti ya huruma, kwamba marehemu ana mzigo. Kila wimbo wake unapopigwa huku duniani, dhambi inamfuata kaburini. Anayempenda azifute zote, kijana apumzike. Mjombako akaitikia kwa kichwa. Na kwenu Wadigo, mjomba akishaitikia, nani tena wa kusema?

Mtu ambaye kila uchaguzi hukodi wasanii wamwimbie juu ya lori kutoka Kombani mpaka Diani, siku hiyo ndiyo alijua muziki ni haramu. Nilitaka kusema. Lakini ni matangani, na mimi ni mgeni.

Mamako akaniita. Alikuwa ameketi jamvini, uso umemwisha, hata sauti yake sikuijua. "Tsuma mwanangu, zifute," akaniambia. "Zote. Sitaki mtoto wangu ateswe kwa ajili ya kelele." Ningejibu nini? Ningekuwa Muislamu labda ningetafuta neno la kitabuni. Lakini mimi ni nani hata nimfundishe Bi Mwanasiti dini yake? Nikasema ndiyo, mama. Nikatoka uani nikapiga ndoo ya watu teke.

Na kosa si lake. Hakuwahi kukusikiliza. Ulimheshimu mno, ukifika nyumbani unazima kila kitu mlangoni, unakuwa mtoto wa madrasa. Kwake yeye hip-hop ilikuwa ni vijana wa Ukunda wanaotukana huku wameshika suruali isianguke. Hakujua kwamba ulikwenda kwa bibi mmoja mmoja wa Msambweni kuuliza nani kalala wapi. Makaburi yenu hayana maandishi, ni jiwe la kichwani na jiwe la miguuni, basi. Majina yako midomoni mwa wazee, na wazee wanakwisha. Nilikuambia uyaandike. Ukakataa, ukasema mtu akisoma karatasi sauti yake inamfichua. Ukayahifadhi moyoni yote.

Nakumbuka ulivyokuwa ukikaa kwenye kreti ya soda, chumba cha nyuma cha duka langu la kutengeneza simu pale Kona ya Musa, magodoro yamefunika kuta, tunangoja kinu cha unga cha jirani kinyamaze ndipo turekodi. Kinazimwa, unavuta pumzi, unaanza mstari, kinawashwa tena. Ulicheka mpaka ukakohoa. Siku ile ulivaa fulana yangu na hukuirudisha, na sasa sijui nimuulize nani.

Tulipozipandisha nyimbo mtandaoni, zikakaa kidogo, mtu akalalamika, zikaondolewa. Tukapandisha tena, zikaondolewa tena. Hatukuambiwa nani. Ndipo ukamwendea yule Mjerumani uliyemjua Diani, anayetengeneza sahani za santuri kwao. Nilikucheka. Nikakuuliza, Kwale nzima nani ana mashine ya kupigia santuri, ama watu watapakulia biriani? Hukucheka. Ukasema, "Mtandaoni wanafuta wakiwa wamejificha. Hii, anayetaka kuifuta aivunje kwa mkono wake, watu wakiona."

Boksi limekuja wewe uko ardhini. Niliifungua sahani moja pale pale kaunta ya posta ya Ukunda, nikalia mbele za watu, mpaka karani akaniuliza kama kimevunjika kitu. Jalada ni ile picha yako: kipande cha leso kimenasa kwenye seng'enge. Juu yake neno moja, *Seng'enge*. Ilikuwa nzuri, Bakari. Nzito mkononi, nyeusi, inang'aa. Nikatamani kukupiga makofi kwa kufa.

Habari hazikai Ukunda. Haukupita muda, mjombako akanipigia. Boksi lipelekwe Msambweni siku ya arobaini, sahani zivunjwe uani baada ya dua, na mheshimiwa atakuwepo ashuhudie. Tena mamako ndiye atakayeanza kupiga nyundo, ili dunia ijue familia imeridhia. Unawaona walivyo? Ulitaka aibu iwe mkononi mwao. Wao wamepanga iwe mkononi mwa mama yako.

Sikulala vizuri tena. Kulificha boksi ni kumwasi mama aliyekuwa akinitilia mahamri mfukoni kila nikija kwenu. Kulipeleka ni kukuua mara ya pili. Na kule ndani ya seng'enge tingatinga lilikuwa limeshaletwa, limeegeshwa, na kesi ya shamba lenu inangoja kuitwa mahakamani Kwale. Likishapita juu ya yale mawe, nani atathibitisha kwamba pale palikuwa na watu?

Nikaenda siku moja kabla ya arobaini, na boksi, na mashine ya santuri. Mashine niliipata kwenye vyombo vilivyotupwa na hoteli moja ya Diani ilipofungwa, ilikuwa pambo la baa, nikaitia mkanda na sindano mpya. Nilikuwa na hila yangu. Upande wa kwanza unaanza na ule wimbo wa kumshukuru mama, mtamu, hauna ukali. Nikasema nimpigie huo tu, amsikie mwanawe akimsifu, labda moyo utalegea. Ule wa makaburi, unaofungua upande wa pili, nilikuwa nimeapa asiusikie. Kumtajia mjane jina la mumewe juu ya ngoma ya kihuni, mwanawe hajamaliza hata arobaini, nilijua atanilaani.

Nikamwomba anikubalie wimbo mmoja, halafu afanye atakavyo. Akakubali kwa sababu yako. Alishika jalada, akalitazama, akasema, "Hii leso yangu." Ilichanika siku ile alipojipenyeza kwenye seng'enge kwenda kumsomea mumewe Yasini. Hakujua kwamba ulirudi kupiga picha.

Nikaweka upande wa kwanza, nikashusha sindano. Bakari, kule kiwandani walibandika karatasi za katikati kinyume! Upande wa kwanza ni wa pili. Sahani zote, nimezikagua baadaye, zote. Badala ya wimbo wa mama ikaja kayamba ile ya polepole, halafu sauti yako ikijaza kile chumba: shikamoo Mzee Rashidi, uliyelala kando ya mkwaju. Shikamoo Bi Mejumaa, uliyelala njia ya kisimani. Nikanyoosha mkono niinue sindano.

Akanishika kifundo. "Wacha."

Nikaacha. Na wewe ukaendelea kuwaamkia, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja pahali pake, hapana tusi hata moja, adabu tupu. Nikasikia kitu nikadhani ni mashine inakwaruza. Ni mamako. Kila ukisema shikamoo, yeye anaitikia marahaba. Kwa niaba yao. Polepole, midomo inatikisika, macho yamefumbwa. Ulipofika kwa babako, akaitikia kwa sauti kabisa, kama mtu aliyebishiwa hodi na mgeni aliyemngoja siku nyingi.

Wimbo ukaisha. Sahani inazunguka bure, sikuthubutu kuigusa. Akafumbua macho, akasema, "Amemwacha Mwanamkasi."

Nikauliza Mwanamkasi ni nani.

"Dadake. Alikufa hajaota meno, kabla ya huyu kuzaliwa. Yuko miguuni pa bibi yake." Akapangusa uso kwa leso. "Sikumwambia kamwe. Lau angejua angemwamkia, ni mkubwa wake."

Ulikuwa na dada, ndugu yangu. Nimeona ujue.

Hapo ndipo nikamweleza walichofanya wale watu. Sahihi ya mheshimiwa, shamba tupu, wimbo wa tatu unasema nini na kwa nini mtu yule alilia kwenye hitma. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza swali moja tu, kama mheshimiwa aliwahi kuusikia wimbo ule. Nikasema ameusikia, ndiyo maana amekuja na mchele.

Siku ya arobaini dua ikasomwa. Uwanja umejaa, mheshimiwa yuko kiti cha mbele, mpiga picha wake yuko tayari. Mjombako akatoa nyundo, akampa mamako. Akaipokea. Akaenda nayo taratibu mpaka kwa mheshimiwa, akampa yeye. Na wallahi, kiapo cha kwenu nakiazima, sikuwa nimemwambia yale maneno yako ya kuvunja kwa mkono. Akasema kwa sauti yake ile ile ya kuuliza hali:

"Dhambi ya ngoma ataulizwa mwanangu, nami nitamwombea. Lakini kuficha ushahidi nitaulizwa mimi. Wewe uliyesema hapakuwa na kaburi, ivunje wewe."

Mheshimiwa akaishika ile nyundo kama kashikishwa mtoto wa watu aliyejisaidia. Akasema mama ana majonzi, tumwache kijana apumzike. Mamako akamuuliza, "Apumzike wapi, na kwake mmetufungia?"

Mheshimiwa akakumbuka ana mkutano. Nyundo akaiacha kitini, na mchele wake tukaula.

Usidhani mambo yamekwisha. Seng'enge iko pale pale. Mjombako haniitikii salamu, anasema Mduruma kampotosha dadake. Kuna watu duka langu hawaleti simu tena, na wanaoleta wananong'ona kama wamekuja kununua bangi. Na matajiri wa Diani sasa wanaitaka sahani yako waitundike ukutani! Mmoja aliniuliza kama ninazo nyingine zenye jalada lisilokuwa na huzuni. Nilimwonyesha mlango. Nina hasira, Bakari, naamka nazo. Nina hasira nao, na wakati mwingine nina hasira nawe, kwa kuniachia mimi kazi ya mdomo na unajua sina mdomo.

Lakini mama yako anao. Kesi ikiitwa Kwale atasimama mwenyewe kuyataja majina, hataki kusomewa wala kusaidiwa. Namsikia akiyarudia anapokanda unga. Na zile nyimbo zako nyingine, za matusi, amesema hizo tutajuana sisi na Mungu wetu.

Sahani haiongezwi, kilichochongwa kimechongwa. Kwa hiyo tutatoa ya pili, na amekubali kuja kurekodi, yeye, kwa sauti yake, amtaje aliyeachwa. Ametoa sharti moja. Jina la mtoto lisitiwe ngoma chini yake.

Buriani, ndugu yangu. Mwenyezi Mungu akulaze pema, na babako akupokee. Mimi ndiye fundi, mimi ndiye nitakayekuwa kwenye vitufe vya kurekodia siku hiyo, na hili nakuahidi: mama akifika kwa Mwanamkasi nitazima kayamba, nitazima kila kitu, na sitawasha mpaka amemaliza kulia.

Wako,
Tsuma