Ubao wa Vikombe

Mume wangu Sadiki,

Anayeandika ni dada yako Zuhura, mimi nasema tu, na nimemkataza kuyanyoosha maneno yangu. Simu nimechoka nayo. Nikikuuliza mjukuu wangu unakuja lini, unajibu, "Kazi, Bibi, kazi." Hiyo Mwanza ina kazi gani isiyojua Idd?

Nakumbuka ulivyokuja mara ya mwisho. Ulikaa mkekani ukalitazama kabati la mninga, lile alilolitengeneza babu yako hapa hapa mtaani kwetu Isevya, ukaanza ualimu wako.

"Bibi, unajua neno kabati limetoka wapi?"

Nikakwambia limekuja na misafara, kama shanga na vitambaa, vichwani mwa wapagazi. Ukacheka mpaka ukashika mbavu. Ukasema hilo ni la Waingereza, na kwao hapo mwanzo maana yake ilikuwa ubao wa vikombe, basi. Ubao mtupu, vikombe juu yake, kila mtu anaviona. Milango ilikuja baadaye.

"Maskini," nikasema, "hawakuwa na fundi wa bawaba? Si wangemwita babu yako!"

Roho yangu ilikuwa nyeupe siku ile. Nikafungua pindo la kanga, nikatoa ufunguo, nikakutolea kikombe cha maua na kisahani chake, nikakumiminia chai. Ukawatazama wenzako. Watoto wa mjomba wako walikuwa wanakunywa kwenye vikombe vya plastiki, kama ulivyokunywa wewe miaka yote humu ndani. Ukaniuliza polepole, "Bibi, siku hizi mimi ni mgeni?"

Nikakujibu, "Kunywa, chai inapoa."

Ulisema utakaa wiki. Kesho yake ukapanda treni.

Sikuombi radhi, Sadiki. Nilikupa kikombe kizuri kwa sababu nakupenda, na mjinga ni wewe uliyeona umefukuzwa pale ulipoheshimiwa. Lakini swali lako limeniingia, halitoki. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unapaka asali kwenye kioo cha kabati lile, nakukimbiza na mwiko, unatokea uani unaniita mchawi. Baada ya muda kidogo umerudi, umelala mapajani kwangu, vidole bado vinanata. Huyo hakuwa na haja ya kuuliza yeye ni nani kwangu.

Basi nimekaa, nimewaza. Kama mwanzo ulikuwa ubao tu, hii milango tumejiwekea wenyewe. Nimemwita fundi, ameing'oa. Mjomba wako akapiga kelele, "Mama, unaharibu kazi ya marehemu!" Nikamwambia, "Kwako alikuwa baba, kwangu alikuwa mume. Nyamaza."

Sasa wote tunakunywa kwenye vya maua, mpaka jirani anayekuja kuomba chumvi. Kikombe cha mgeni hakipo tena katika nyumba hii. Ukija utapewa kilichooshwa, na kama hakuna kilichooshwa utaosha mwenyewe.

Ila uje upesi. Watoto hawa wana mikono kama yako, kila siku nafagia vigae vya vikombe. Na hata ukikuta vimekwisha vyote, tutapokezana sufuria, wewe na mimi.

Haya, Zuhura mkono unamuuma, na mimi macho yangu yako njiani.

Mkeo wa kwanza, asiyeachika,
Bibi